Siku Wanaume wa Kasha Walikaa Kwenye Matope

Mama mukwe wangu alililiwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amekufa yeye mwenyewe, kule kwao Luhwindja, muzee aliyeshiba siku zake, na tulimulilia sawasawa, tukanywa, tukacheka, tukarudi Bukavu. Mara ya pili ilikuwa hapa kwangu Kasha, mutaa wa Bukavu, wakati wa waasi, na siku ile marehemu wa kweli alikuwa mutoto wa dada yangu, mwanajeshi, kijana wa ndevu za kuhesabu. Lakini hatukuweza kusema. Na mupaka leo ukifika Luhwindja watakuambia namna bibi yao alivyoliliwa Bukavu, wanaume wazima wakakaa kwenye matope kwa ajili yake. Wanajivuna. Kila nikisikia hivyo ninapata kiungulia. Ndiyo sababu ninaandika, mimi niliyeishia mwaka wa tatu wa primere kwa mapadri, mukono wangu umezoea mwiko wa masoni, wa kujengea ukuta, kuliko kalamu ya bic.

Nianze na mutoto. Hapana, nianze na baba yake, maana bila yeye mutoto hangefika kwangu. Huyo mume wa dada yangu alienda Kamituga kuchimba dhahabu, mutoto hajaanza hata kutambaa. Alisema atarudi na mabati ya nyumba. Kamituga iko na ule ugonjwa: mutu anaingia shimoni akitafuta mabati, anatoka akitafuta bibi mwingine. Alimupata. Dada yangu akafunga vitu vyake kwenye kikwembe, akapanda kwangu na mutoto mugongoni, akaanza kuuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Mabati tunayangojea mupaka sasa. Nyumba ya dada yangu, kile chumba cha nyuma, niliezeka mimi mwenyewe. Basi, nimetoka njiani.

Siku hizi wakubwa wanapanga maua mbele ya watu na kusema juu ya vijana waliokufa vitani. Wote walikuwa wapole, wote walipenda nchi. Ninasikiliza redio na ninaona hawamusemi wetu. Wetu alikuwa muvivu wa maji. Ukimutuma na bidoni ya maji kwenye robine, lile bomba la mutaa, anaificha nyuma ya choo cha jirani na kwenda kupiga mupira, halafu anarudi na hadithi kwamba maji yamekatika. Shuleni alikaa nyuma. Chakula, hapo hakuwa muvivu. Akipita mbele ya mulango wowote wa Kasha, lazima ainame achungulie sufuria ya watu.

Lakini alikuwa na kitu kimoja. Alijua kutembea kama watu. Nisemeje? Alivaa boti zangu za plastiki, zile za kukanyagia saruji, zilimufika juu ya magoti, halafu akatembea pale uani, na wewe unaona katekista wetu anapita, yule anayetupa muguu wa kuume pembeni kama anafukuza kuku. Anageuka, ni mama mumoja wa soko na kitako chake. Anageuka tena, ni mimi: mukono kiunoni, ninasimama mbele ya ukuta, ninaugombeza. Bibi yangu, yule niliyemuoa Luhwindja, alicheka mupaka akakaa. Mimi nilikasirika. Kesho yake niko kazini nikajikuta kweli ninagombeza ukuta, mukono kiunoni, na wale wasaidizi wananiangalia.

Vita ya kwanza ilipofika, ile ya kumungoa rais muzee kule Kinshasa, wale vijana walioingia muji walikuwa wamevaa boti za plastiki kama zangu. Mutoto alirudi mbio kutoka barabarani.

"Tonton, kuja uone. Jeshi muzima inavaa boti yako."

"Wacha ujinga. Ingia ndani."

"Minakuambia ukweli. Ni bamasoni bote."

Tulicheka. Ninakumbuka vizuri kwamba tulicheka. Siku iliyofuata walikusanya vijana kwenye uwanja wa mupira, wakaimba, lori ikaja, na wengi walipanda kama wanaenda arusi. Yeye naye alipanda. Hakuaga mutu. Boti zangu alienda nazo, ikabidi ninunue zingine. Dada yangu alikimbia nyuma ya lori na beseni la sambaza kichwani, samaki wakaanguka njia yote, na mbwa wa komine yetu ya Bagira wakala vizuri siku ile.

Alirudi mara moja tu, ile vita ilipoisha, wakati bado tulisema kwamba tumekombolewa. Alivaa boti za ngozi, bere, ile kofia ya jeshi, kwapani, na Kilingala mudomoni. Alishuka toka barabarani kifua mbele, anatembea kama mutu anayetazamwa na jenerali. Lakini Kasha ni Kasha. Alifika mulango wa kwanza, harufu ya maharagwe ikamushika, na ule mugongo wa jeshi ukakunjika, akainama kuchungulia sufuria. Akakumbuka kwamba yeye ni mwanajeshi, akanyooka. Mulango wa pili, vilevile. Watu walitoka nje kumuangalia, wakamuita, wakacheka. Mupaka kufika kwa mama yake alikuwa ameinama kwenye kila mulango.

"Maman, nimekuja kula," alisema. Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya ukombozi.

Alikula, alilala, aliondoka. Halafu vita ya pili ikalipuka, na Bukavu ikawa mikononi mwa waasi, na yeye alikuwa amebaki kule kwa jeshi ya Kinshasa. Unaelewa ile hali? Hakuna alichochagua. Alikuwa amelala kambini, akaamka ni adui wa nyumba ya mama yake. Tangu siku ile hatukumutaja. Wakimuuliza dada yangu sokoni, "Mutoto iko wapi siku hizi?" anajibu, "Iko kazi," na anaongeza samaki kwenye kipimo ili mutu aende haraka.

Habari ya kifo ililetwa na mutu aliyekuwa anatembeza betri za tochi. Alikuwa rafiki yake wa jeshi, alitoroka vita, akapita Kamituga katikati ya wanunuzi wa dhahabu mupaka akafika kwetu. Alisimama mulangoni mchana, betri mukononi, kama anauza. Mimi nilikuwa ninatengeneza kiti. Alimuuliza dada yangu kama yeye ndiye mama wa fulani, na aliposikia ndiyo, akasema kwa sauti ya chini kwamba bomu liliwaangukia wakivuka muto, upande wa Katanga.

"Tulimuzika, maman. Pamoja na bengine. Hakubaki inje."

Dada yangu alimuangalia sana.

"Alikuwa amekula?"

"Tulikuwa tumetoka kula bugali, maman."

"Na nini?"

"Na samaki."

Yule mutu alikataa kukaa, alikataa hata maji. Alishuka na betri zake. Tulibaki pale, na jirani akapita, akatusalimia, na dada yangu akajibu salamu vizuri kabisa.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penye shida yangu. Kwetu mutu akifa, mama anakaa chini kwenye mukeka, watu wanajaa, wanalia naye. Na wanaume tuko na namna yetu. Akifa muzee aliyeona wajukuu, tunakaa kwenye viti, tunakunywa kasiksi yetu ya ndizi, tunamutania marehemu, wajukuu wanaiga sauti yake na mwendo wake, ni furaha karibu. Lakini akikatwa kijana ambaye hajaacha hata mutoto mumoja, hakuna mwanaume anayekaa kwenye kiti. Tunakaa kwenye udongo. Hata uwe na kravate shingoni. Ndivyo tunavyomuambia mama yake kwamba tumeona ukubwa wa kitu kilichomupata. Na dada yangu hakupata hata kimoja cha hivyo. Kumulilia mwanajeshi wa Kinshasa wakati ule ni kuwaita waasi waje kupekua nyumba, na wakishapekua wanaondoka na mutu. Alienda sokoni, aliuza samaki, alirudi, alipika. Alikonda mupaka kikwembe kikawa kinamuzunguka.

Siku moja alikuja akakaa mbele yetu, mimi na bibi yangu.

"Sitaki misa," alisema. "Sitaki sanduku. Minataka batu bakae chini, balie na miye mara moja. Nikibaki hivi nitaenda kulia sokoni, na tutakufa bote."

"Utafanya namna gani?" nilimuuliza.

Akamugeukia bibi yangu. "Uniazime mama yako."

Bibi yangu hakuelewa, halafu akaelewa, na macho yake yakabadilika. "Mama yangu si shitingi ya kufunika bitu ya batu. Tulishamuzika. Tulishamaliza."

"Tutasema hatukumaliza."

"Na yeye kule analala, munamusumbua juu ya nini?"

"Alimupenda ule mutoto," dada yangu alisema. "Alimupikiaka."

Hiyo ilikuwa kweli. Kila mama mukwe alipokuja kutoka Luhwindja, mutoto alipata sufuria yake ya peke. Bibi yangu akaendelea kuchambua maharagwe, akachambua hata yale yaliyokuwa safi. Mwishoni akasema, "Basi. Lakini kasiksi itoke kwetu, hii yenu ya hapa ni maji. Nitatuma kwa kaka yangu." Hapo hapo nilijua tumeharibu, maana shemeji yangu wa Luhwindja akisikia kilio haji peke yake, na siri huwezi kumupa. Ukimupa siri asubuhi, saa sita imefika Mwenga.

Shefu wa avenyu, yule anayeangalia barabara yetu kwa niaba ya wakubwa, ndiye anayepaswa kujua mukutano wowote. Nilienda kwake. Alikuwa mutu wa kwetu, tulikuwa tumejenga kanisa pamoja, lakini wakati ule ulikuwa umemutia woga kwenye shingo, akawa anageuza kichwa kidogo kidogo kama mwenye jipu.

"Kilio ya nani tena, papa?"

"Ya mama mukwe."

"Ule tulienda kuzika Luhwindja?"

"Ni ule ule."

"Anakufaka mara ngapi, ule bibi?"

"Hakufi tena. Tunamaliza kilio. Kule hatukumaliza vizuri."

"Mulilewa kule mupaka mukasahau njia ya kurudi, na hamukumaliza?" Hakucheka. Alitazama upande wa nyumba yangu. "Banasema dada yako hakuli siku hizi."

"Iko na malaria."

"Malaria." Alilirudia lile neno kama mutu anayefinya nyanya kabla ya kununua. "Papa, miye niko na batoto. Bale bakubwa bananiuliza kila mara, nani iko na mutoto kule ngambo. Nibaambie nini?"

"Ubaambie tunamulilia bibi."

"Basi nitakuja. Nitakaa pale pale mbele, nione kama ni bibi kweli."

Nilirudi nyumbani ninamutukana njia nzima, na watu ninaopishana nao walidhani ninawatukana wao.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kasha ikinyeshewa, udongo unakuwa kama sabuni, unatoka mulangoni kwako na kujikuta kwa jirani wa chini. Tulifunga shitingi, zile plastiki zilizobaki kwa wakimbizi, tukaazima viti vya parokia. Wakati wa chakula mvua ikakatika na shemeji yangu akafika, na bidoni za kasiksi, na binamu zake, na mbuzi aliyekuwa anapinga kila hatua. Alikuwa na furaha ya mutu aliyeitwa kwenye heshima. Alisema ameota mama yake akimuambia hajaliliwa vya kutosha. Nilimuambia ndoto hiyo ni ya kweli. Ningesema nini?

Na watu wakaja wengi, maana bibi alikuwa anajulikana, na kasiksi ya Luhwindja inajulikana zaidi. Wanaume wakakaa kwenye viti. Mama za kwaya wakaimba zile nyimbo za kumusindikiza muzee, za kupiga makofi. Dada yangu alikaa kwenye mukeka pembeni ya bibi yangu. Alianza kulia mapema, na alilia vibaya, kwa sauti ya ndani, si ile ya kilio cha muzee. Wanawake wakaanza kunong'onezana, na mimi nilikuwa ninapita na vikombe, nikawasikia.

"Huyu wifi analia kupita mutoto wa marehemu."

"Alimupenda bibi sana."

"Balipendana nini? Bibi akiwa muzima balipiganaka juu ya sufuria, miye nilikuwa pale."

"Basi analilia sufuria."

Wakacheka, na ilikuwa haki yao kucheka, kilio cha muzee ni cha kucheka. Mimi nilitaka kuvunja vikombe vyote. Tulikuwa tumemukusanyia watu, ndiyo hao, uani kumejaa, na kila mumoja analilia mutu mwingine. Heri tungekaa kimya. Ndivyo nilivyowaza. Na shefu wa avenyu alikuwa mbele kabisa, suruali yake ya kaki imepigwa pasi, kikombe gotini, anageuza shingo yake kidogo kidogo.

Halafu shemeji yangu akasimama kuiga mama yake. Alichukua fimbo, akafunga kitambaa kichwani, akatembea ameinama, akaomba tumbaku kwa kila mutu. Aliiga vizuri, siwezi kudanganya. Watu wakafa kwa kucheka, wengine wakaamka kuiga nao, huyu anamuiga bibi akigombana na mbuzi, yule bibi akihesabu kuku wake.

Dada yangu akainuka kwenye mukeka.

Alienda mulangoni. Boti zangu za plastiki zilikuwa pale, zile mupya, bado na saruji kavu. Akazivaa. Watu wakapisha, wakangoja waone bibi mwingine. Yeye akatembea na mukono kiunoni, akasimama mbele ya ukuta wangu, akaugombeza bila sauti. Wachache wakacheka. Akageuka, akatupa muguu wa kuume pembeni, na katekista, aliyekuwa anakunywa, akashusha kikombe. Halafu akatoka mupaka kwenye njia, nje ya shitingi, akageuka kuja kwetu. Kifua mbele. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekikunja, amekibana kwapani. Alishuka hivyo kama mutu anayetazamwa na jenerali, akafika kwa watu wa kwanza, akainama na kuchungulia kikombe chao. Akanyooka. Akafika kwa wengine, akainama. Akanyooka.

Hakuna aliyecheka tena. Kila mutu wa Kasha alikuwa amemuona yule mutoto akishuka ile siku, kila mutu alikuwa ameinamiwa kwenye sufuria yake. Walijua ni nani anayepita mbele yao, na walipomuona mama yake akipita badala yake, walijua na lingine. Kwaya ilinyamaza yenyewe. Nikasikia maji yakidondoka kwenye shitingi.

Katekista ndiye aliyeanza. Alishika kiti cha mwenzake, akajishusha, ule muguu wake ukakataa kukunjika, akaunyoosha mbele, akakaa kwenye matope. Jirani yangu wa chini akaacha kiti, akakaa. Halafu masoni wenzangu. Halafu wanaume wa nyuma, mumoja mumoja, viti vikibaki wazi kama kanisa baada ya misa. Mimi pia nilikaa, na vikombe vyangu.

Alibaki shefu. Watu hawakumuangalia, ndiyo kusema wote walikuwa wanamuangalia. Akasimama, na nikajua anaenda kwa wakubwa. Aliweka kikombe chake kwenye kiti, taratibu, kisimwagike. Akatafuta nafasi, hakuna, ile yote kavu kidogo ilikuwa imechukuliwa. Akaenda pale shitingi inapovujia, penye matope ya kweli, akakaa na suruali yake ya pasi.

Ndipo dada yangu alipopiga yowe. Na wanawake wote nyuma yake, hata yule wa sufuria, yeye kuliko wote. Bibi yangu alimukumbatia na boti zake. Hakuna aliyetaja jina. Uani kwangu walimulilia mutoto wa watu mchana, mbele ya shefu, mupaka sauti zikaisha, na kwa wale walio barabarani ilikuwa kilio cha bibi wa Luhwindja.

Shemeji yangu alibaki peke yake juu ya kiti, kitambaa kichwani, fimbo mukononi.

"Sasa munakaa chini juu ya nini?" aliniuliza. "Mama alikuwa muzee."

"Kaa chini," bibi yangu alimuambia.

"Minauliza tu."

"Kaa chini, kaka."

Akakaa. Aliangalia wanaume wale wote kwenye matope, na machozi yakamutoka, ya fahari. Alirudi Luhwindja akawaambia kwamba watu wa muji wamemulilia mama yake kama wanavyolilia kijana. Tangu hapo hakuna anayeweza kumutoa hapo. Vita ilipoisha nilipanda mwenyewe mupaka kule kumuambia ukweli. Alinisikiliza, akanimiminia, akasema, "Shemeji, wivu si nzuri." Nimemuambia tena miaka yote hii. Sasa wajukuu wake ndio wanaonisimulia mimi. Na hapa pia, nikitaka kuandika jina la mutoto, dada yangu amekataa. Anasema lilinong'onwa miaka mingi, analitaka kwa mudomo, si kwa karatasi. Kwa hiyo nimeandika yote haya na jina halimo. Nimekasirika, lakini si mimi niliyemuzaa.

Kesho yake ya kilio, asubuhi, bibi ya shefu wa avenyu alikuja uani na ile suruali mukononi, imekauka kama ubao.

"Ni bibi gani huyu anakalisha babaume kwenye potopoto? Hii suruali iko ya kwendea kwa wakubwa. Nani ataifua?"

Nilifungua mudomo nimujibu vile alivyostahili. Dada yangu alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, macho yamevimba. Alimunyang'anya suruali, akachukua bidoni, akaenda mwenyewe kwenye robine.

Aliifua kwa muda mrefu kuliko nguo inavyotaka. Aliisugua muguu kwa muguu, akaimwagia maji, akaanza tena, maji yalikuwa yameshakuwa meupe na bado anaosha. Kule Katanga watu wengine ndio waliomuosha mutoto wake kabla ya kumuzika, au hawakumuosha, hatujui. Bibi ya shefu alisimama hapo akingojea kugombana, halafu akaacha kungojea, akainama akamushikia upande mwingine wa suruali, wakaikamua pamoja.